Ukuta Ulioegemea Kushoto

Sikio langu la kushoto halisikii. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi: mbele ya kaka yangu, mbele ya wanafunzi wangu, na mbele ya daktari mmoja mpole niliyemwendea kwa mafua, akaleta kijichuma chake kinacholia karibu na sikio, nami nikasema "nasikia vizuri sana" kabla hajakigonga. Marehemu mume wangu, aliyelala upande huo wa kushoto maisha yetu yote ya ndoa, nilimwambia kwamba tatizo ni yeye, ananong'ona mno. Maskini akajizoeza kupaza sauti, na majirani wakadhani tunaanza kila asubuhi kwa ugomvi.

Kilichoniweka hadharani ni mchezo wa simu. Ningependa kingekuwa kitu chenye heshima zaidi, lakini ndivyo ilivyokuwa: vipande vya rangi vinavyodondoka, na muziki.

Mchezo ulitoka Koboko, huku kwetu Uganda kwenye mpaka wa Kongo na Sudani, nyumbani kwa kaka yangu. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na kwetu sisi Wanubi msichana anayekaribia kuolewa hakai barazani kutazama wapita njia. Hufungiwa ndani. Jua halimgusi. Wanawake humsugua dilka, ule unga wa manukato uliokandwa kwa mafuta, na kumkalisha juu ya moshi wa kuni zenye harufu nzuri mpaka ngozi yake ing'ae na yeye mwenyewe aichoke dunia. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameshaichoka.

"Shangazi, lete simu yako," alisema. "Nikuwekee kitu. Nikikosa mtu wa kucheza naye nitapanda ukuta wa ua nikimbilie Sudani."

"Mimi ni mtu mzima. Nina mitihani ya kusahihisha."

"Ndiyo maana. Utapumzika."

Sijapumzika tangu siku ile.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Vipande vinashuka kutoka juu ya kioo: mraba, mstari, vingine vimepinda kama miguu ya kiti kilichovunjika. Unavigeuza na kuvisogeza ili vikae bila mapengo na ukuta upande sawasawa. Safu ikijaa, chombo kimoja cha muziki kinajiunga. Kwanza ngoma, halafu zeze, halafu sauti za wanawake. Ukijenga vizuri unapata harusi nzima masikioni. Ukijenga vibaya vyombo vinaondoka kimoja kimoja mpaka ibaki ngoma peke yake, ikikudundia kama mtu anayegonga mlango wa choo na wewe umo ndani.

Na kuna hila. Kabla kipande hakijaonekana, kengele ndogo inalia. Ikilia katika sikio la kulia, kipande kinakuja kulia. Ikilia katika la kushoto, kinakuja kushoto. Vinashuka kwa kasi, kwa hiyo anayesubiri kuviona kwa macho amechelewa. Ndiyo sababu mchezo huo hauchezwi bila hedifoni.

Tulicheza kwa zamu. Mmoja akimaliza, ukuta wake unapelekwa kwa mwenzake kama ulivyo, naye anaendelea palepale. Kwa hiyo mimi nikiwa Arua, katika nyumba kuukuu ya serikali pale juu Arua Hill, naye akiwa Koboko na moshi wake, tulikuwa tunajenga ukuta mmoja. Yeye alinitumia ukuta ulionyooka, na ndani yake waimbaji na mazeze na vigelegele. Mimi nilimrudishia ngoma tupu na lundo la vipande upande wa kushoto.

"Shangazi, huku kushoto kumetokea nini?" aliniandikia.

"Mtandao," nikajibu. "Huko kwenu mtandao ni mbaya. Mtu akisogea hatua moja simu inamkaribisha Kongo."

"Lakini wewe uko Arua."

Nilijenga ukuta mwingine, nao ukaegemea kushoto. Wa tatu nilijenga nimekunja uso kama fundi, nao ukaegemea kushoto. Nilianza kuuchukia mchezo ule kwa chuki ambayo kwa kawaida naiweka kwa ajili ya vikao vya idara.

Ningeufuta na kusahau, kama kaka yangu asingeniita Koboko kuzungumzia nikahi.

Inabidi nieleze desturi yetu. Siku ya nikahi wanaume wako nje na shehe, na bibi harusi yuko ndani, amefunikwa. Mashahidi wanakuja mpaka mlangoni kumuuliza kama amekubali. Katika ukoo wetu bibi harusi hajibu kwa sauti. Anaona haya, au anatakiwa aonekane anaona haya. Ananong'ona, na dada wa baba yake aliyeketi ubavuni mwake ndiye anayesikia, kisha ndiye anayewatangazia walioko mlangoni. Neno la shangazi ndilo linalobebwa nje. Akisema amekubali, amekubali.

Dada yetu mkubwa alifanya kazi hiyo kwa wasichana wote wa ukoo mpaka alipofariki. Katika madada wa kaka yangu nimebaki mimi. Baada yangu anafuata binamu yetu wa Ludara, mwanamke anayesikia sufuria ikichemka jikoni kwa jirani, naye alikuwa amekuja kwenye kikao akiwa ameshavaa kama vile ndiyo siku yenyewe.

Kaka yangu ni mtu wa kwenda moja kwa moja. Alitumikia jeshi ujanani, akafanya biashara ya mpakani, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Mimi nauliza wewe," alisema kabla chai haijamiminwa. "Wewe iko sikia vizuri?"

"Kwa nini nisisikie?"

"Mama ya duka hapa nasema alitoa wewe salamu, wewe hapana jibu. Bibi ya imamu pia. Watu nasema, huyu iko na maringo. Amesoma, iko kaa juu ya mlima na watu ya serikali, sasa sisi wote ni takataka."

"Hata mimi alinipita sokoni," alidakia binamu wa Ludara. "Nilimwita kwa jina la utotoni. Akaenda zake kama gari la waziri."

Nilijua palepale. Wote walikuwa wamenisalimia kutoka kushoto. Na kwetu kutoitikia salamu si jambo la kusahauliwa wiki ijayo. Mtu hukumbukwa nalo. Ningeweza kumaliza kila kitu kwa sentensi moja fupi. Badala yake nilivuta mtandio wangu vizuri begani, nikasema, "Nilikuwa na mawazo."

Yaani nilipewa nafasi ya kuchagua kati ya kiziwi na mwenye maringo, nikachagua maringo. Nimefundisha chuo kikuu karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na hiyo ndiyo akili niliyoipata huko.

"Tutaangalia," kaka alisema, maana yake hajakata shauri. Binamu akanitazama kwa huruma, akaongeza sukari katika chai yake. Binti mwenyewe alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, kimya. Nilidhani yeye hatusikii. Sasa naona ni mimi tu katika nyumba ile niliyekuwa sisikii.

Nilikitaka kiti kile cha ubavuni mwa bibi harusi, na si kwa ajili ya heshima peke yake. Siku yangu ya nikahi dada yetu mkubwa ndiye aliyeketi nami. Mashahidi walipouliza, nikaanza kuhesabu nyuzi za shela. Sikuwa na wazo la kukataa. Sikuwa na wazo lolote kabisa. Mlangoni watu wakaanza kukohoa. Dada akawaambia, "Ngojeni, hajasema," akanigeukia na kuniuliza tena, taratibu, kama mtu anayeuliza chai iwe na tangawizi au isiwe. Ndipo nikanong'ona, naye akasikia. Nilifahamu siku hiyo kwamba mtu anawekwa pale ili jibu lisikike, na kwamba kama ningesema hapana, yule dada angewatangazia hapana, wali na nyama vikiwa tayari vimeiva.

Sasa mimi ningesikia nini? Uani ngoma na vigelegele, ndani mnong'ono chini ya shela. Njiani kurudi Arua wazo lilinijia: ningeweza kubahatisha. Shangazi gani alishawahi kukosea kwa kusema amekubali? Ningeinamisha kichwa, ningengoja kidogo, ningetangaza. Hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilinikaa vizuri, na lilikaa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, mpaka nikafika nyumbani nikiwa nimejikasirikia kiasi kwamba sikuweza kula.

Nikajiwekea sharti. Nikiweza kunyoosha ukuta, sikio ni zima, nitakaa na mtoto. Nikishindwa, nitampigia kaka na kumwambia ampe kiti binamu wa Ludara. Hivyo ndivyo msomi anavyomkwepa daktari: anajipima kwa mchezo wa vipande vya rangi na kujiita mkweli.

Nilicheza kabla ya vipindi na baada ya vipindi. Nilicheza jikoni, maharage yakaungua. Kulia nilikuwa bingwa; kengele ililia nami nilikuwa tayari, kipande kikaingia pengoni kama ufunguo. Kushoto vilikuja kama wageni wasiobisha hodi. Nikiangalia kuna mstari umesimama wima, juu yake mraba, juu yake miguu ya kiti, na lundo likipanda mpaka likagusa juu. Zeze likaondoka. Wanawake wakaondoka. Ikabaki ngoma, kisha mchezo ukavuta pumzi ndefu ya kunisikitikia na kuniuliza kama ningependa kujaribu tena. Siku moja niliujibu kwa maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hasemi, halafu nikaitupa simu. Niliitupa juu ya mto wa kochi, kwanza nikihakikisha mto upo.

Basi kosa litakuwa la hedifoni. Nilishuka mjini, sokoni, kwa mama mmoja mwenye meza ya vifaa vya simu, nikamwomba zilizo bora. Alizipangusa kwa kanga yake, akazitia masikioni mwake mwenyewe na kuanza kutikisa mabega.

"Hii iko sawa, Mama. Iko naimba huku na huku."

Nikazivaa. "Hii ya kushoto imekufa."

Akazichukua, akavaa tena, akatikisa mabega tena. "Imekufa wapi? Iko hai."

Nikavaa. "Imekufa."

"Basi iko naogopa wewe," alisema, na wateja wengine wakacheka. Nilizinunua kwa hasira, na jozi nyingine ya rangi tofauti, kana kwamba rangi ndiyo iliyokuwa na ugonjwa.

Nyumbani ukuta uliegemea kushoto kwa hedifoni nyeusi, na kushoto kwa hedifoni nyekundu. Ndipo nikapata wazo nililoliona kubwa. Nitazivaa kinyume. Ile ya kushoto nitaitia sikio la kulia na ya kulia nitaitia la kushoto. Sasa kengele nitakayoisikia itakuwa ya kushoto, na nitaushika upande ule msumbufu.

Ilifanya kazi! Kengele ikalia, nikakimbilia kushoto, kipande kikatulia. Kingine kikatulia. Upande wa kushoto ulipanda safi, bila pengo hata moja, na nikajikuta nimesimama katikati ya sebule. Nilifurahi hivyo mpaka macho yangu yalipohamia kulia. Lundo lilikuwa limejengeka kule, refu, baya, kama lile la siku zote, ila limehama nyumba.

Mtu yeyote angeelewa. Mwanafunzi wangu angeniletea ushahidi kama huo na asione hitimisho lake, ningemwandikia kwa wino mwekundu. Mimi niliamua kwamba hedifoni zote za Arua zimetoka kiwanda kimoja kibovu. Tena nikamwandikia yule binti, kwa majivuno: "Umeona kushoto kulivyonyooka?"

Jibu halikuja haraka. Kisha: "Nimeona. Shangazi, umezivaa kinyume?"

"Kiwanda kimekosea alama."

Hakuandika tena. Ukuta haukurudi siku ile wala siku iliyofuata. Nilifungua mchezo, nikafunga, nikafungua. Nilielewa kwamba amejua, kwamba pengine ameshamwambia baba yake, na kwamba binamu wa Ludara anatengewa kile kiti. Nikatafuta namba ya kaka. Nikaandaa sentensi, nikaisahihisha kama ninavyosahihisha za wengine, nikaiona ni ndefu, nikaikata. Nikaiweka simu chini na kuchukua karatasi za mitihani.

Nilikuwa bado nazo, ofisini, mchana, mlango wazi kwa sababu ya joto, simu ilipolia. Alikuwa binti. Niliiweka sikio la kulia kama kawaida.

"Shangazi, uko peke yako?"

"Niko na ujinga wa wanafunzi tu."

"Hamisha simu. Weka sikio lingine."

"La nini?"

"Weka tu. Mimi ni bibi harusi, sinyimwi kitu."

Nikaiweka kushoto. Nilihisi joto lake shavuni. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia majani, naye nilimsikia vizuri, kwa sikio lile lingine. Nilikaa hivyo kwa muda niliodhani unamtosha mtu kusema jambo, kisha nikairudisha.

"Umesikia nini?" aliuliza.

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo miaka yote, limekaa mdomoni kama jino. Mtandao, mwanangu. Kelele za hapa ofisini. Hukusema kwa nguvu.

"Sikusikia kitu," nilisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Sikio hilo halisikii. Tangu zamani."

Nyuma yake niliwasikia wanawake wakijaribu ngoma, wakiacha, wakibishana, wakianza upya.

"Ulikuwa umesema nini?" nikauliza.

"Nimekuita mwongo. Ungenisikia ungekata simu." Alicheka kidogo. "Nilijua siku lundo lilipohamia kulia. Basi sikiliza. Siku ya nikahi wewe utakaa kushoto kwangu, ili sikio lako zima liwe upande wangu. Mito nimeshaipanga."

"Mpe binamu wa Ludara. Yeye anasikia."

"Anasikia kabla mtu hajasema. Nikifungua mdomo kupiga chafya atawatangazia nimekubali. Wewe utalazimika kuniuliza mara mbili, Shangazi. Nataka mtu wa kuniuliza mara mbili."

Nikasimama, nikaufunga mlango wa ofisi.

"Unamtaka lakini?" nikauliza. "Huyo mwanamume."

"Namtaka. Hiyo ni mara ya kwanza. Ya pili iweke kwa siku yenyewe." Kisha, haraka, kabla sijajipanga: "Ila Baba utamwambia mwenyewe. Huyu hapa, ametoka shambani Midia, matope mpaka magotini."

"Ngoja kidogo..."

"Haloo," alisema kaka yangu.

Ile sentensi niliyoiandaa ilikuwa imepotea yote. "Kaka, sikio langu moja halisikii. La kushoto. Si maringo."

"Nini?"

Nikarudia kwa sauti kubwa. Mtu aliyekuwa anafagia nje aliacha kufagia.

"Kiziwi?"

"Upande mmoja."

"Wewe mutu ya ajabu sana. Kwa nini hapana sema? Mimi nagombana na bibi ya imamu sababu yako! Mimi nasema, dada yangu hapana maringo, iko na mawazo. Kumbe iko kiziwi tu!" Alicheka mpaka akakohoa, na nikamsikia akiwatangazia watu wote wa ua ule, na wanawake wa ngoma wakapiga kelele, na mmoja wao, sauti yake naijua, akasema alijua tangu sokoni. Kisha akarudi kwenye simu. "Kiziwi ni afadhali. Kiziwi mimi naweza eleza watu. Maringo naeleza namna gani?"

"Basi waeleze."

"Nitaeleza. Wote watatoa salamu upande ya kulia." Sauti yake ikashuka, akasema polepole, kama anayehakikisha kila neno limenifikia. "Utakaa na mtoto. Lakini wewe uliza yeye vizuri."

"Mara mbili," nilisema. "Mara ya kwanza ameshajibu."